Taro, Su-Lee na makosa yaliyobadilishana wenyewe

Kipindi cha vichekesho cha Uingereza, Mind Your Language, kilichotungwa na Vince Powell, kilianza kuonyeshwa mwaka wa 1977 na kikasitishwa 1979 baada ya sehemu 29. Kilirejea 1986 kwa muda mfupi, lakini wapi! Ladha ilikuwa imekwisha. Hapa kwetu tulikitazama kwenye runinga ya taifa, na wengi wa rika langu bado hucheka wakisikia tu jina la Ranjeet Singh, yule Kalasinga wa kuomba radhi elfu moja kila anapoborongа.

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikikitazama upya kwenye YouTube, sehemu moja baada ya nyingine. Bado kinanivunja mbavu. Ila safari hii sikio la isimu limekataa kutulia.

Kwa asiyekijua, Jeremy Brown ni mwalimu kijana anayewafunza wageni Kiingereza katika masomo ya jioni jijini London. Darasani mna Mwitaliano, Mgiriki, Mhispania, Mjerumani, Mfaransa, Mpakistani, Wahindi, Mchina, Mjapani na wengineo. Kila mmoja amepewa kosa lake la lugha, analivaa kama sare. Taro Nagazumi, Mjapani, hutia ‘o’ mwishoni mwa takriban kila neno. Chung Su-Lee, Mchina asiyeachana na kitabu chekundu cha Mao, hutamka /l/ panapostahili /r/.

Sasa hebu tuyapime makosa hayo mawili.

Ni kweli kwamba Kijapani hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo Mjapani anapokopa neno la kigeni hulitia irabu. Lakini irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Baada ya /t/ na /d/ huja ‘o’, kwa hivyo kitanda cha Kiingereza kikawa ‘beddo’. Baada ya konsonanti nyingi nyingine huja ‘u’: basi ni ‘basu’, maziwa ni ‘miruku’. Taro wa kweli angetia ‘u’ mara nyingi kuliko ‘o’. Tena litazame vizuri hilo neno ‘miruku’. Kiingereza kina /l/ hapo, Mjapani ameweka /r/, kwa sababu lugha yake haitenganishi sauti hizo mbili. Kumbe mwenye tatizo la /r/ na /l/ ni Taro!

Na Su-Lee je? Kimandarini, lugha rasmi ya China, kina /l/ kama katika lǎoshī, yaani mwalimu, na kina sauti yake ya /r/ kama katika rén, yaani mtu. Mzungumzaji wa Kikantoni angeeleweka, maana Kikantoni hakina /r/. Ila Su-Lee ni mtumishi wa ubalozi wa China, mahali ambapo Kimandarini ndicho lugha ya kazi. Kwa maoni yangu, Powell alimpokonya Taro kosa lake akamkabidhi Su-Lee, kisha akamfidia Taro kwa ‘o’.

Sisi Waswahili hatuna haki ya kumcheka Taro kwa kuongeza irabu. Tumefanya hivyo kwa karne nyingi, na kwa utaratibu unaokaribiana na wake. Neno likiishia kwa sauti ya midomo, aghalabu tunatia ‘u’: kitabu, sababu, elimu, timu, filamu, kilabu. Kwingineko, mara nyingi ni ‘i’: bahati, benki, keki, shati, basi. Mjapani na Mswahili wamepanda gari lilelile, mmoja akaliita ‘basu’, mwingine ‘basi’.

Haki itendeke, Powell hakukosea kila mahali. Ali Nadim na Ranjeet hutumia kitenzi cha hali ya kuendelea mahali ambapo Mwingereza hangekitumia, na hiyo ni sifa halisi ya Kiingereza cha Bara Hindi. (Mswahili huenda asiligundue kosa lenyewe, kwani ‘ninajua’ yetu haibagui.)

Jambo jingine linalokera, kwa mapenzi, ni kwamba hakuna anayeendelea mbele. Msimu wa tatu Juan Cervantes bado anang’ang’ana na Kihispania chake. Mara darasa linababaika kwa neno la kila siku, mara linanasa mzaha mgumu wa mwalimu kabla yangu. Nilitaka kuliita hilo uzembe wa mwandishi, lakini utafiti unanizuia kidogo. Mwaka wa 1967, S. Pit Corder alitofautisha kosa lenye mfumo na kuteleza tu kwa ulimi. Mwaka wa 1972 Larry Selinker akaeleza kwamba anayejifunza lugha hujenga mfumo wake wa kati, ambao si lugha ya mama wala si ile anayoifuata, na kwamba baadhi ya makosa huganda humo hata mtu akisoma miaka na mikaka. Kwa hivyo Juan aliyeganda yupo duniani. Asiyekuwepo ni darasa zima lililoganda kwa pamoja.

Waigizaji nao wengi hawakutoka walikodaiwa kutoka. Mgiriki Max aliigizwa na Kevork Malikyan, Muarmenia mzaliwa wa Uturuki. Mfaransa Danielle ni Françoise Pascal, aliyezaliwa Mauritius. Ranjeet ni Albert Moses wa Sri Lanka. Hilo pekee si dosari. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu, na bado watazamaji wengi wa Vitimbi waliamini Mzee Ojwang’ ni Mluo wa kuzaliwa. Nadhani tofauti ni kwamba Wanjau aliwasikiliza Waluo kwanza, ndipo akafungua kinywa.

Usikivu huo ndio ninaoukosa katika baadhi ya madarasa yetu. Mtoto anasema ‘karamu’ akimaanisha kalamu, darasa linaangua kicheko, na mwalimu anacheka nalo. Mtoto huyo si mjinga, Gikuyu chake hakina /l/. Akishachekwa vya kutosha ataanza kujisahihisha kupita kiasi, na ndiyo maana tunasikia watu wazima wakienda ‘kupiga kula’. Jirani yake Mluo atasema ‘samba’ badala ya shamba kwa kuwa Dholuo haina /sh/. Mkalenjin atachanganya /b/ na /p/, kwani lugha yake haizipambanui.

Jameni, dawa yake ni jozi za maneno tu, zisomwe kwa sauti kila asubuhi kwa dakika tano. Kwa wa kwanza: kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Kwa wa pili: shuka na suka, shaka na saka. Kwa wa tatu: bata na pata, doa na toa, goma na koma.