"Mama, Naacha Kemia"

Mama mmoja wa Tabata alinijia ofisini asubuhi moja ya Oktoba, macho mekundu, simu kaishika kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa na wiki sita tu za mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani, kati ya vile ambavyo hata dereva wa bodaboda kijiweni kwao ameshasikia jina lake. Usiku binti alikuwa ametuma ujumbe mfupi wa sauti: "Mama, naacha kemia. Usiwe na wasiwasi, nitakueleza." Mama hakupata usingizi. Kulipokucha baba alikuwa ameshampigia mjomba, mjomba ameshampigia mchungaji, na kufikia saa nne ukoo mzima ulijua kuwa mtoto amedisko. Huko aliko ilikuwa saa tisa usiku. Mwenyewe amelala fofofo, hana habari kwamba huku nyumbani ameshafukuzwa chuo.

Kazi yangu ni kushauri vijana wanaokwenda kusoma nje, na siku hizi muda wangu mwingi unaliwa na wazazi wao. Umbali wanauzoea upesi kuliko nilivyotarajia. Kinachowasumbua ni kamusi. Habari za kule wanazisikia kwa masikio ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako ukifeli mtihani unashika sapu, ukishindwa tena unakeri, na ukizidisha unadisko na kurudi kwenu na godoro lako. Mtu aliyepita humo, au aliyemwona kaka yake akipita humo, akiambiwa mtoto "anaacha" kemia, anasikia godoro linafungwa kamba.

Vyuo vikuu vya Marekani havina sapu kwa maana tunayoijua. Badala yake mwanafunzi hupewa wiki kadhaa za mwanzo wa muhula aonje kozi, na kuna tarehe ambayo kabla yake anaweza kuondoka kwenye kozi bila kuacha alama yoyote. Baada ya tarehe hiyo bado anaweza kujiondoa, ila kwenye cheti chake cha matokeo kutaandikwa herufi W, yaani alijiondoa. W si F, wala haihesabiwi kwenye wastani. Kemia ataichukua muhula mwingine, pengine kwa ngazi ya chini kidogo, akiwa amejipanga. Kuhusu kudisko, katika vyuo kama Harvard, Yale, Princeton na MIT, zaidi ya wanafunzi 95 katika kila 100 hatimaye humaliza shahada. Chuo kikishamchagua mtu kwa tabu ile, hakina haja ya kumtema.

Kuna mtego mmoja tu, na mzazi anapaswa kuujua. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 analazimika kusoma muda wote, yaani kwa shahada ya kwanza krediti zisizopungua 12 kwa muhula. Akishuka chini ya hapo bila idhini, anavunja masharti ya viza, hata kama ana sababu nzuri kiasi gani. Akiugua, daktari anaweza kuandika na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikampunguzia mzigo kwa muda, lakini idhini hutangulia, kozi huachwa baadaye. Kwa hiyo mtoto akikwambia anaacha somo, usianze na "kwa nini". Muulize kama ameshaonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mama wa Tabata aliliandika swali hilo kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu yangu.

Tukiwa kwenye kamusi, niseme neno kuhusu GPA, maana limeshavunja furaha za watu bure. Pale Mlimani wastani unahesabiwa hadi 5. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, na mwenye 3.4 ana daraja la pili la chini. Kule vyuo vingi huhesabu hadi 4, na 3.4 ni zaidi kidogo ya B+. Namfahamu kijana aliyepeleka nyumbani 3.4 kwa furaha, akijibiwa na baba yake, mhitimu wa miaka ya tisini: "Kaza buti, bado una nafasi." Kijana hakupeleka tena matokeo yoyote nyumbani. Baba akaanza kuyatafuta mwenyewe.

Hakuyapata, wala wewe hutayapata. Sisi tumezoea matokeo ya Baraza la Mitihani kubandikwa mtandaoni, jirani akayasoma kabla hujamaliza chai. Marekani wana sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, na mtoto akishaingia chuo kikuu haki zote za kumbukumbu hizo zinahama kutoka kwa mzazi kwenda kwake, hata kama bado hajatimiza miaka 18. Alama, mahudhurio, barua za onyo: chuo hakiwezi kumpa mzazi bila ridhaa ya mwanafunzi, isipokuwa kwa hali chache, kama dharura inayohatarisha maisha. Yule baba alimwandikia mkuu wa idara barua pepe ndefu, yenye vichwa vya habari na nakala kwa ubalozi. Alijibiwa mistari miwili ya heshima: tafadhali zungumza na mwanao. Alinionyesha akiwa amekasirika sana. Mimi niliona ni ushauri mzuri kuliko ambao ningempa kwa ada.

Kwa sababu mtoto anayechaguliwa na vyuo hivi, tuseme ukweli, hajawahi kufeli kitu. Hili ndilo jambo ambalo naliona zito kuliko viza na kodi na baridi. Ametoka shule ambako jina lake lilitajwa paredi. Kidato cha sita alipata daraja la kwanza pointi tatu, walimu wakamwita Tanzania One hata kama Baraza lenyewe limeacha kutangaza wanafunzi bora. Anafika kule, anakaa darasani, kulia kwake yupo Tanzania One wa Korea, kushoto yupo aliyeshinda mashindano ya kimataifa ya hisabati, na mtihani wa kwanza wa katikati ya muhula anapata 58. Hajui 58 hiyo ni nini. Huenda wastani wa darasa ulikuwa 55, maana mitihani mingi kule hutungwa migumu makusudi na alama kupangwa kwa kulinganisha. Anachojua ni kwamba walikosea kumchagua, na kwamba siku si nyingi watagundua.

Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliielezea hali hiyo mwaka 1978, walipochunguza wanawake waliofanikiwa sana masomoni na kazini ambao bado walijiona matapeli wanaosubiri kuumbuliwa. Vyuo vyenyewe vinaijua vizuri. Ndiyo maana MIT haiandiki alama za muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza: mwanafunzi akipata A, B au C, kumbukumbu inasema amefaulu, na akipata chini ya hapo kozi hiyo haionekani kabisa kwenye cheti kinachotoka nje ya chuo. Swarthmore nao wana utaratibu unaofanana na huo. Fikiria: chuo kigumu kama MIT kimekaa kikakubaliana kwamba mtoto mwerevu anahitaji miezi minne ya kujikwaa bila kuandikiwa. Halafu mzazi aliye Mbezi anataka ripoti kila Jumapili.

Kuna kitu kingine tulichowafundisha kwa nia njema kinachowaponza. Tumewalea wasimsumbue mwalimu. Kwetu mwanafunzi akiitwa ofisini kwa mwalimu, moyo unamdunda. Akienda mwenyewe, wenzake wanasema anajipendekeza. Kule kila profesa hutenga saa fulani kwa wiki za kukaa ofisini akisubiri wanafunzi waje na maswali, na kuja ni sehemu ya masomo. Humo ndimo inapojulikana nani ana njaa ya somo, nani atapewa kazi ya maabara wakati wa kiangazi, nani ataandikiwa barua ya mapendekezo. Mwanasosholojia Anthony Abraham Jack, mwenyewe aliyetoka familia maskini ya Miami na kusoma Amherst, aliandika kitabu mwaka 2019 juu ya wanafunzi maskini katika vyuo vya kifahari. Alionyesha kwamba waliosomeshwa kwa ufadhili katika sekondari za matajiri waliingia ofisi hizo bila woga, huku waliotoka shule za mitaani kwao wakikaa mbali, wakiamini kuwa kazi nzuri itajisemea yenyewe. Watoto wetu wengi wako kundi la pili kwa malezi hata kama si kwa kipato. Hapa mzazi ana uwezo ambao chuo hakina. Ukimwambia, "Nenda kamsalimie mwalimu wako, mwambie baba yako amekutuma," atakwenda. Amepata ruhusa ya kwao.

Fedha nitazisema kwa kifupi, ingawa ndizo huleta ugomvi zaidi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huchagua wanafunzi bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, hata wageni, na kisha hujaza pengo lote ambalo familia haiwezi kulifikia. Princeton iliacha kutia mikopo kwenye misaada yake tangu 2001. Ukoo ukisikia "kalipiwa kila kitu", unasikia bumu, yaani posho mkononi, tena ya dola. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hiyo mtoto haigusi kabisa: inatoka mfuko mmoja wa chuo na kuingia mwingine. Sehemu inayogharimia chumba na chakula serikali ya Marekani inaihesabu kuwa kipato cha mgeni, na kodi yake ya kawaida kwa wenye F-1 ni asilimia 14. Sehemu ya ada haitozwi. Nimeona kijana akiletewa bili ya kodi hiyo Januari asijue imetoka wapi. Muulizeni mapema kama chuo chake kinasaidia kuilipa, vipo vinavyosaidia. Kazi anayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hizo ndizo hela zake za sabuni, koti na vitabu.

Sasa shangazi ana harusi, mdogo wake hajalipiwa ada, na bati la bibi linavuja. Sina ugomvi na mtoto kusaidia kwao, nami nilisaidiwa hivyohivyo. Ugomvi wangu ni na maombi yanayompata moja kwa moja kwenye WhatsApp, kila mtu kwa wakati wake, katikati ya mitihani. Baba na mama wawe mlango. Mwenye shida aje kwao, wao waamue, na kama kuna la kumwambia mtoto aambiwe mara moja kwa mwaka, kiangazi, baada ya mitihani. Wapo watakaowanunia. Wanune.

Jack aligusa pia suala la likizo, ambalo wazazi wa huku hulisahau. Baadhi ya vyuo hufunga kumbi za chakula, na vingine hufunga hata mabweni, katika mapumziko ya Novemba, Desemba au Machi. Wanafunzi wenye uwezo huenda kwao, na asiyekuwa na nauli anabaki akihesabu pakiti za tambi. Kama una ndugu, rafiki wa kanisani au mtu wa mtaani kwenu anayeishi Boston au New Jersey, hapa ndipo pa kumtumia, si pa kumtaka amchunguze mtoto. Na kabla mtoto hajakata tiketi ya kuja kula sikukuu nyumbani, aulize tena ile ofisi ya wanafunzi wa kigeni; masharti ya kutoka na kurudi yamekuwa yakibadilika, na kukwama Dar Januari si likizo.

Desemba ina jambo lake. Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, hatuna habari nalo. Boston mwanzoni mwa Desemba linazama saa kumi na robo jioni. Mtoto anatoka maabara, giza, na bado hajala cha jioni. Wengine wanalala sana, wengine hawalali, wengine wanaanza kujibu "niko poa" kwa kila swali. Ukisikia "niko poa" tatu mfululizo, acha kuuliza kuhusu masomo. Muulize amekula nini, na nani alikuwa mezani. Akikosa mtu wa kumtaja kwa wiki mbili, mwambie waziwazi kwamba chuo chake kina washauri nasaha, kwamba huduma ya kuanzia kwa kawaida haina malipo ya ziada, na kwamba kwenda huko si ukichaa wala si kukosa imani. Wengi husubiri kusikia hilo kutoka nyumbani.

Mama wa Tabata alingoja hadi saa tatu usiku siku ile, saa nane mchana kule, akapiga. Aliniahidi hatamtaja mjomba wala mchungaji. Alisoma swali lililokuwa kiganjani, binti akamjibu kwamba ofisi alishaiona, krediti zinatosha. Kisha kimya. Mama, bila kupanga, akamwambia kitu ambacho hata mumewe hakukijua: kwamba kidato cha nne alipata F ya hesabu, akaficha karatasi ya matokeo ndani ya mto, akaulalia mwaka mzima. Binti akacheka hadi akakohoa. Halafu akalia. Halafu wakazungumza saa nzima, na kemia haikutajwa tena.

Wakakubaliana iwe hivyo kila Jumamosi, saa tatu usiku. Ilikwenda vizuri hadi Jumamosi ya pili ya Novemba, mama alipopiga saa ileile na binti akapokea akinung'unika, kelele za sahani nyuma yake. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, na huwa hivyo hadi Machi. Saa tatu ya Tabata imekuwa saa saba mchana kule, na binti yuko kwenye foleni ya chakula. Sasa mama anapiga saa nne.