Mlango wa serkle: nani anaingia, nani anabaki inje?

Mwezi uliopita mama mmoja anayeendesha kamyo kubwa za mgodi alikuja kutuona, karatasi yake ya mshahara mkononi. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja: pesa za michezo na burudani. "Angalieni franga ile banakataka kwangu, na ile banakataka kwa bwana wa posti yangu," alituambia. Tuliangalia. Ni sawasawa, hakuna hata makuta moja ya tofauti. Akauliza: "Basi juu ya nini yeye anaingiaka mu sale ya spoti kila siku, na miye ni siku ya posho tu, saa munane mpaka saa kumi?"

Hatukuwa na jibu. Tena Jumamosi saa nane ya mchana yeye mara nyingi yuko kwenye usukani, anabeba mawe. Sale ile analipa, lakini vyuma vyake anavionea dirishani.

Tulizunguka kambini kuuliza watu. Hatukutaka kusikia upande mmoja tu.

Bamama wengi hawakutuomba tuondoe saa zao. Mmoja alisema wazi: "Kama banaume banakuya saa yetu, miye sitakuya tena. Banaangaliaka mutu mubaya." Tunamuelewa. Mama aliyezaa, anayetaka kupunguza mwili au kutuliza mgongo, hapendi kuchekwa. Saa ya bamama peke yao si dharau kwa mwanaume. Bila saa ile, wengi hawatavuka kizingiti.

Wanaume nao walituambia yao: "Nyumbani kelele, ku kazi shefu. Mutuachie fasi moja ya kupumuzika." Hilo pia tunalisikia. Mtu aliyetoka posti ya usiku ana haki ya kukaa na wenzake bila kuulizwa kitu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kutengana peke yake si kosa. Angalieni mpira: wasichana wa TP Mazembe walibeba kombe la klabu bingwa ya wanawake ya Afrika mwaka 2024, kule Moroko. Timu ile ni ya wanawake tu, na hatujasikia mwanaume analia kwamba amenyimwa namba. Ule utengano ulifungua mlango. Kuna utengano mwingine unaofunga mlango, na huo njo tunaongelea leo.

Tuingie sasa kwenye serkle. Hakuna karatasi inayosema mwanamke asiingie. Lakini akifika peke yake, mlinzi anamuuliza: "Mama, unatafuta bwana yako?" Akiingia na bwana, sawa. Akiingia kama mfanyakazi, kwa namba yake mwenyewe, kesho yake kambi nzima inamuongea. Ndani kuna biyari, televizyo na bia baridi. Kama ni hayo tu, tungesema tuache. Lakini pale pale njo watu wanasikia kazi gani itafunguliwa kabla tangazo halijabandikwa. Pale njo shefu wa timu anajua jina la mtu, na siku ya kuchagua anamkumbuka. Anayebaki inje hakosi bia peke yake. Anakosa habari, na habari ni mkate.

Na sisi wa sendika? Tuseme ukweli, hata kama unatuuma. Mikutano yetu ya jioni tulikuwa tunaifanyia mule mule, juu viti ni vya bure. Kisha tulikuwa tunalalamika: "Bamama hawapendi sendika." Tuliwaita kwenye nyumba ambayo hawaingii.

Mlango huu ni wa zamani. Wakati Union Minière ilianza kuleta bibi za wafanyakazi kwenye makambi, kazi na namba vilikuwa vya mwanaume. Mama alipelekwa fwaye, kufundishwa kushona, kupika na kulea mtoto. Fwaye ilisaidia, mama zetu wengi walipata cherehani na ufundi kule. Lakini haikufundisha mama kusoma karatasi ya mshahara, kwa sababu hakuna aliyefikiri siku moja atakuwa na yake. Leo anayo. Anaendesha kamyo, anapima madini kwenye laboratwari, anachomelea vyuma. Nyumba za burudani zimebaki kwenye wakati ule.

Na si sisi peke yetu. Kule Uingereza, kwenye nchi ya makaa ya Yorkshire, wafanyakazi walikuwa na klabu zao tangu zamani. Mwaka 1978, katika mji wa Wakefield, Sheila Capstick, bibi wa mchimba makaa, alikatazwa kucheza snooker, ndugu ya biyari yetu, kwenye klabu aliyoizoea. Hakunyamaza. Alianzisha kampeni ya kudai haki za wanawake kwenye klabu. Kisha mgomo mkubwa wa wachimba makaa ulikuja, 1984 mpaka 1985. Sehemu nyingi bamama waliingia kwenye kumbi za wachimbaji wakapikia familia zilizokuwa bila mshahara. Mlango ulifunguka kwa sufuria. Lakini shirika kubwa linalounganisha klabu za wafanyakazi halikuwapa wanawake haki sawa ya uanachama mpaka mwaka 2007. Hesabuni: miaka 29 tangu siku mama yule anyang'anywe fimbo ya snooker. Sisi tusingoje hivyo.

Hapa kwetu sheria imekwisha kusema. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inadai usawa wa mwanamke na mwanaume. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilikuja kuonyesha namna ya kuutimiza. Lakini sheria haina mikono ya kufungua mlango wa serkle.

Mwezi huu tulijaribu kitu kidogo. Tulihamisha mkutano kutoka serkle, tukauweka kwenye darasa la shule, saa kumi ya mchana. Bamama kumi na moja walikuja. Hawakuongea habari ya biyari. Waliongea juu ya choo kule karyere: hakuna cha kwao, kwa hiyo wanakaa bila kunywa maji mchana kutwa ndani ya jua. Waliongea juu ya botini: ndogo kuliko zote ni 40, na mama wa 37 anajaza vitambaa mbele ndiyo apande ngazi ya kamyo. Sisi delege, miaka yote ile, hatukujua. Mtu akianguka kwenye ngazi ile, tutasema ni bahati mbaya?

Kwa hiyo, kila mlango wa kambi tuuulize maneno matatu. Nani analipa? Wakati unagawanywa namna gani? Na ndani yake wanaamua nini? Kama wote wanalipa, wote wapate saa za kweli, zinazofuata zamu za kazi. Kama ndani ni kupumzika tu, wanaume wawe na jioni yao, bamama nao yao. Lakini mahali panapogawanywa kazi, habari na sauti, pasiwe na mlango wa upande mmoja.

Tumewaandikia wakubwa wa kompani tuombe saa za bamama kila siku, asubuhi na jioni, na saa zingine za wote pamoja. Jibu bado. Upande wetu hatuna wa kumngoja: mkutano wa sendika hautarudi tena serkle. Baba, ukisoma hii, mpe bibi yako au binti yako anayefanya kazi mgodini naye asome. Mkutano ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi, darasani, saa kumi. Yule mama wa kamyo amekwisha kusema atakuja, na karatasi yake ya mshahara.