UZI: "Imechelewa" au "imecheleweshwa"? Maneno ya kukwepa wajibu na jinsi ya kuyasikiliza

1/ Juzi jioni tulikuwa barazani hapa Magongo, Changamwe, redio iko wazi, mjadala wa siasa umepamba moto. Mheshimiwa mmoja akasema: "Ni kweli mishahara ya kaunti imechelewa." Mwenzake akajibu: "Imecheleweshwa!" Mzee mmoja akacheka: "Si wanasema kitu kimoja hawa?" Hapana mzee wangu. Tofauti ni silabi chache tu, lakini ndani yake mnajificha mtu. Twende pole pole.

2/ KUCHELEWA. Kitu kimechelewa chenyewe. Matatu imechelewa kwa sababu malori ya bandari yamefunga barabara. Mvua zimechelewa. Humlaumu mtu. Sasa mshahara nao una miguu? Umeachwa na matatu? Mshahara hauchelewi hivi hivi, kuna mahali karatasi imelala.

3/ KUCHELEWESHA. Hapa kuna mtendaji. Ukisikia "imecheleweshwa", una haki ya kuuliza papo hapo: na nani? Vivyo hivyo "mradi umekwama" na "mradi umekwamishwa". Msemaji anayependa "imekwama" na "imechelewa" huenda hadanganyi. Amemtoa tu mhusika kwenye sentensi.

4/ Na jibu la "na nani" huwa lipo. Pesa za mgao wa kaunti hutoka Hazina ya Kitaifa, Msimamizi wa Bajeti huidhinisha zitolewe, kisha kaunti hulipa wafanyakazi na wauzaji. Kila kituo kina tarehe yake. Ndiyo maana pande mbili zinaweza kurushiana lawama mwaka mzima: kila moja inaanza kuhesabu siku kutoka kituo cha mwenzake.

5/ Katiba haikuacha jambo hili hewani. Kifungu cha 219 kinataka mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa isivyofaa na bila kukatwa. Kuna njia moja tu ya kuuzuia, na ina jina lake: KUSIMAMISHA, chini ya kifungu cha 225. Lazima kuwe na ukiukaji mkubwa au wa kurudiwarudiwa. Hata hapo, haiwezi kusimamishwa zaidi ya nusu ya pesa, wala kwa zaidi ya siku 60 bila idhini ya Bunge. Kwa hivyo uliza: imesimamishwa kwa utaratibu huo, ama imekaliwa tu?

6/ HATUJALIPA. Hii ndiyo naiogopa zaidi. Ile "-ja-" ni tamu sana: inakuambia jambo halijafanyika ila liko njiani. Mtu anaweza kusema "hatujalipa" miaka minne na kila mara ikasikika kama kesho. Linganisha na "hatukulipa". Hiyo ina mwisho, na mwenye kuisema ameungama. Waheshimiwa hawaipendi.

7/ Nitoe mfano wa nyumbani. Shemeji yangu alipeleka kokoto na saruji kwenye mradi wa ofisi moja ya umma, sitaitaja. Alikopa ili anunue mzigo. Kila akienda anaambiwa "bado haijalipwa, iko mbioni". Mwenye kumkopesha hakujua lugha hiyo. Pikapu ikapigwa mnada. Leo anabeba mizigo kwa mkokoteni, na bili yake bado "iko mbioni". Kumbe pikapu ndiyo iliyokwenda mbio.

8/ TUMESHINDWA. Kwa Kiswahili, anayeshindwa ni aliyejaribu. "Tumeshindwa kulipa" inaomba huruma: uwezo haukuwepo. Lakini ikiwa pesa zilikuwepo zikaenda kwingine, hilo si kushindwa. Hapo wamechagua. Swali lako: mlishindwa, ama mlilipa kingine kwanza? Kipi?

9/ KUKIUKA. Hili ni zito, maana linataka sheria iliyovunjwa na siku iliyopita. Mfano tunaoujua: Katiba ya 2010 ilitaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama katika mabaraza ya kuchaguliwa na kuteuliwa, na Bunge likapewa miaka mitano kutunga sheria. Agosti 2015 ikafika, Bunge likajiongezea mwaka mmoja. Agosti 2016 ikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu akamshauri Rais avunje Bunge. Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa 2022.

10/ Sikiliza tena mijadala ya wakati ule. Upande mmoja: "Bunge limechelewa." Upande wa pili: "Bunge limekiuka Katiba." Tukio ni lile lile. Aliyekubali neno la kwanza alikuwa tayari amekubali kusubiri. Aliyekubali la pili alikuwa akitaka hatua.

11/ Sasa geuza upande. Mwananchi asipojaza ritani ya KRA kufikia 30 Juni, hakuna "mchakato unaendelea". Kuna faini isiyopungua shilingi 2,000. Usipolipa ushuru kwa wakati, kuna adhabu ya 5% na riba ya 1% kila mwezi. Sisemi ushuru usilipwe, ulipwe. Nasema tu tukichelewa sisi, neno ni "mdaiwa". Wakichelewa wao, neno ni "changamoto".

12/ Haki iwepo pia. Wakati mwingine kuchelewa ni kuchelewa kweli: mapato yamepungua, kesi iko mahakamani, bili ina utata na inakaguliwa. Kiongozi mkweli anaweza kueleza hayo kwa tarehe na kiasi. Asiyeweza, anakupa "hivi karibuni".

13/ Kwa hivyo ukienda baraza la wadi, ama ukimsikia mtu redioni, beba maswali matatu: Nani alipaswa kufanya? Siku gani? Kiasi gani kimebaki? Hazina ya Kitaifa huchapisha kila mwezi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali pesa zilizotolewa. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua, weka nakala yenye muhuri.

14/ Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni kueleza. Yule mzee wa barazani ameanza kazi: jana redio ilipotamka "imechelewa", alikatiza kabla ya sentensi kuisha, "Na nani?" Redio haikumjibu, lakini baraza zima lilikuwa linasubiri jibu.

Mwisho wa uzi.