Siku Moja Penye Ziwa Nakuru

Mtu atokaye Nairobi alfajiri huweza kufika Ziwa Nakuru, mwendo wa maili 100 hivi, akatazama mchana kutwa, na usiku akalala kwake. Wachukueni watoto, ni darasa jema la kazi za Muumba.

Mahali hapa palifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Huonekana nyati, twiga na simba, tena vifaru, weusi na weupe. Kifaru mweusi aliwindwa sana kwa ajili ya pembe yake: mnamo 1970 walikuwako Kenya 20,000 hivi, na kabla ya 1990 walisalia wasiotimia 400. Basi mwaka 1987 walitengewa mahali hapa Nakuru, pakazungushwa uzio wa umeme, nao wakazaana.

Lakini heroe, ndege mwekundu aliyelipatia ziwa hili sifa, hazuiwi na uzio. Chakula chake ni viumbe vidogo mno vya kijani vistawivyo katika maji ya magadi. Tangu 2010 mvua zilizidi, ziwa likapanda, magadi yakazimuliwa, chakula kikapungua. Heroe wengi wakaruka kwenda Ziwa Bogoria. Huenda mkawakuta wachache tu, na mwari, mla samaki, ndiye aliyekaa mahali pao.

Twaona basi, ndugu, ya kuwa kifaru hulindwa kwa uzio, bali heroe hulindwa kwa kuyatunza maji yake, na mito, na miti ya Mau inakotoka mito hiyo. Adamu hakukabidhiwa mnyama mmoja. Alikabidhiwa bustani nzima.