Safari za Krapf Ukambani zilivyotegemea wenyeji

KUACHA maisha ya ng'ambo na kuingia nyikani na mzigo mgongoni si jambo lililoanza na vijana wa leo. Nchi ambayo sasa ni kaunti za Kitui na Makueni ilimwona mgeni wa aina hiyo zaidi ya miaka 170 iliyopita.

Mgeni huyo ni Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1810 na kuwasili Mombasa mwaka wa 1844. Mwaka huo huo mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga walifariki. Hata hivyo, Krapf hakurudi kwao, bali alijenga makao yake Rabai.

Novemba 1849 aliondoka Rabai kwa miguu pamoja na wapagazi. Walipitia nchi ya Taita, wakafika Kikumbulyu, eneo lililoko Makueni ya leo, kisha wakavuka mwinuko wa Yatta kuelekea Kitui. Huko alipokewa na Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, ambaye misafara yake ilifika hadi pwani. Njia zilizomfikisha Krapf huko zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na Wakamba wenyewe.

Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni. Mnamo Desemba 3, 1849, Krapf aliuona mlima huo kutoka Kitui. Wakamba waliuita Kiinyaa, jina linalohusishwa na mbuni dume mwenye manyoya meusi na meupe. Jina la nchi ya Kenya linatokana na jina la mlima huo.

Mwaka wa 1850 Krapf alizuru Ulaya. Angeweza kubaki huko kwa raha, lakini mwaka uliofuata alirejea, akikusudia kuanzisha kituo cha misheni Yatta. Agosti 1851 alifuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Karibu na mto walivamiwa, Kivoi akauawa na msafara ukatawanyika.

Krapf alibaki peke yake. Alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki, lakini hayakudumu. Akawa anatembea usiku na kujificha mchana, huku njaa na kiu vikimwandama.

Alipofika tena kwa Wakamba, hatari haikuisha. Jamaa za Kivoi walimlaumu, wakishikilia kwamba alipaswa kumlinda mwenzake au kufa pamoja naye. Ilimbidi atoroke. Hatimaye alifika pwani akiwa hai, lakini mpango wa kituo cha Yatta ukafa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika safari hii mgeni ndiye aliyepona, na mwenyeji akaangamia. Vitabu vingi humtaja Krapf kuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, ilhali aliyemwelekeza hutajwa kwa nadra.

Msafiri wa leo ana barabara na simu, lakini nyika ile bado ni kavu, na mito mingi huacha mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Anayejua mahali pa kufukua mchanga ili apate maji ni mwenyeji. Hivyo, anayeacha maisha ya ughaibuni ili atembee huko hana budi kumsikiliza mwenyeji kwanza, na kukumbuka kwamba makosa ya mgeni yanaweza kulipwa na aliyempokea.