Kuongeza AES Hakutoshi, DES Nayo Ifutwe

Mgodi wa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na uzalishaji ukafikia ukomo mwaka 2021. Eneo lake sasa linageuzwa kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi. Kila kampuni itakayofungua kiwanda pale itakuwa na haja ile ile iliyonayo migodi ya Bulyanhulu na Geita na bandari kavu ya Isaka: kuwasiliana na makao makuu, pengine Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka hapo, bila mtu wa njiani kusoma yanayopita.

Mawasiliano hayo hupita kwenye Mkongo wa Taifa, minara ya simu au setilaiti. Kuyafunga ni kazi ya ruta mbili, moja kila upande. Kabla ya kupitisha data, ruta hizo hukubaliana fomula ya kusimba, namna ya kuhakiki kwamba data haikuchezewa, jinsi kila upande utakavyojithibitisha, ukubwa wa namba za kupatia ufunguo wa pamoja, na muda wa kuishi wa makubaliano hayo. Mkusanyiko huo ndio sera ya usimbaji fiche. Ruta moja hubeba sera kadhaa zenye namba, na katika ruta za Cisco namba ndogo hutangulia. Zisipopata sera inayolingana pande zote mbili, njia iliyosimbwa kati yao, yaani VPN, haifunguki.

Njia ikigoma kufunguka, kila mtu atajua. Kinachonitia hofu ni njia inayofunguka kwa sera dhaifu. Fundi anaongeza sera madhubuti yenye fomula ya AES, anaona mawasiliano yanapita, anaondoka. Sera ya zamani yenye fomula ya DES bado imo, na kama ina namba ndogo na upande wa pili nao unayo, ruta zitaichagua hiyo, wala hakuna taa itakayowaka. Ufunguo wa DES una biti 56 tu. Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani liliunda mashine iliyouvunja kwa saa 56. NIST, taasisi ya viwango ya nchi hiyo, iliiondoa DES mwaka 2005. Hata hivyo, katika ruta za zamani za Cisco, fundi asipotaja fomula, ruta yenyewe hujaza DES.

Kampuni yenye vituo vingi haiwezi kukagua haya kwa mkono. Ndiyo maana wahandisi hutumia programu kama Ansible, iliyotoka mwaka 2012. Mhandisi huandika kwenye faili hali anayoitaka. Programu huingia katika kila ruta, hulinganisha kilichomo na kilichoandikwa, kisha hubadilisha penye tofauti tu. Makosa ya kuandika amri usiku wa manane hupungua sana, na faili likitunzwa vizuri linaonyesha nani alibadilisha nini na lini.

Lakini maagizo mengi ya namna hiyo huongeza tu. Mstari usiokuwepo unawekwa. Uliokuwepo na haukutajwa unaachwa. Faili linasema AES, ripoti inasema hakuna tatizo, na DES imo vile vile. Kwa maoni yangu, faili la sera lisilosema nini kiondolewe halijakamilika. Iagize programu ichukue orodha yako kuwa ndiyo yote, kisichomo kifutwe. Ikishindwa, andika amri za kufuta moja moja. Kisha iulize ruta njia iliyo hai inatumia fomula gani, maana kilichoandikwa na kinachotumika vinaweza kutofautiana.

Kufuta nako kuna utaratibu. Weka sera mpya pande zote mbili kwa namba ndogo kuliko ya zamani. Vunja makubaliano yaliyopo, kwa sababu yakiachwa huendelea hadi muda wake uishe, mara nyingi saa 24. Njia ikifunguka upya kwa AES, ndipo ufute sera kuukuu. Wala usitume mabadiliko kupitia njia ile ile unayoibadilisha: ukikosea, ruta iko Kahama na wewe uko Dar, mlango umefungwa. Andaa njia ya pili, hata ya modemu ya simu. Kabla ya kugusa chochote, iagize ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10 usipoizuia, na usihifadhi mabadiliko hadi uyahakiki. Mambo yakiharibika, itarudi yenyewe katika hali ya awali. Na ufunguo wa siri usikae wazi ndani ya faili, kwani Ansible ina njia yake ya kuusimba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na mishahara na vyeti vya afya vya wafanyakazi hupita humo humo kwenye ruta. Wewe meneja unayefungua ofisi Buzwagi, usiridhike na jibu kwamba VPN inafanya kazi. Mwombe mhandisi wako akuonyeshe sera zote zilizomo kwenye ruta, na ile inayotumika sasa hivi.