Jumba la Vitabu Lililokuwa na Mlango wa Wachache

Mwaka 1931 reli inayopita Tororo, si mbali na Kisoko, ilifika Kampala. Mwaka huo huo, katika Nairobi, mji uliozaliwa na reli hiyo penye uwanda wa nyasi, lilifunguliwa jumba la vitabu la McMillan. Lilijengwa kwa ukumbusho wa William Northrup McMillan, Mmarekani aliyefariki mwaka 1925. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyesimamia jambo hilo, akisaidiwa kwa fedha na shirika la Carnegie. Nguzo zake ni ndefu, na sanamu za simba zinalinda ngazi.

Lakini fahari hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Kwa miaka mingi Wazungu peke yao ndio walioruhusiwa kusoma humo. Mwafrika aliishia kuwatazama simba. Hata ilipofika mwaka 1962, jumba lilipokabidhiwa Baraza la Jiji, mlango ulikuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Matawi yakafuata Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya wafanyakazi.

Mlango huo ulipatikana kwa kungojewa miaka mingi. Basi baba atokapo zamu, na mama amalizapo kazi, wamwongoze mtoto penye vitabu. Mlango usioingiwa hauna tofauti na uliofungwa.